Mpangaji

Miaka mitatu nilitibiwa amiba,
kisha taifodi, kisha vidonda, kisha
shangazi Mwanahawa akashusha sauti:
umetupiwa kitu.

Nakijua kila choo cha kulipia
toka Buguruni hadi Mnazi Mmoja.
Chande wa Mtaa wa Congo hanidai tena;
akiniona nakimbia, ananisogezea ndoo.

Leo Muhimbili wamenipitisha kamera.
Daktari Kimambo akachora utumbo
nyuma ya risiti: hapa pamevimba,
hapa panataka kuziba,
na magoti yako, na hilo jicho jekundu,
mzizi mmoja.

Huu unapona?
Unatulia.

Jioni Chande kashika ndoo.
Si amiba, nikamwambia. Ni Kroni.
Huyo Kroni anakaa wapi?
Humu humu,
wala halipi kodi.