Kipindi cha Kumi na Tatu

Winifred Oldroyd, binti wa mfumaji,
alizaliwa Huddersfield, mashine zikinguruma ukutani,
akajifunza kusoma midomo kabla ya kusoma herufi,
maana kiwandani sauti ya mtu haifui dafu.

Hadithi ya kwanza aliiandika
nyuma ya bahasha za mshahara wa mama yake:
msichana, mbwa, na baiskeli iliyofika Mirihi
kwa kasi ya mteremko wa Castle Hill.
Mhariri wa London akairudisha na mstari mmoja:
wasichana hawapendi roketi.
Akaigeuza barua, akaandika sura ya pili.

Vitabu saba. Vinne havikuuzwa. Kimoja kiliungua pamoja na ghala.
Kisha televisheni ikamwita Leeds, mwaka wa sitini na sita,
ikampa chumba kisicho na dirisha,
bajeti isiyotosha jozi ya viatu,
na saa kumi na moja kasorobo, kila Jumatano jioni,
wakati ambao wakubwa hawatazami.

Humo ndimo alimoumba mbingu.
Kabeji, likipigwa picha karibu karibu, lilikuwa uso wa Zohali.
Kofia za wanaanga: machujio ya jikoni, yamepakwa rangi ya fedha.
Mlango wa chombo ulitoka kwenye friji mbovu,
na Clifford wa taa aliuegemea kwa mgongo, usianguke.
"Mtoto haoni uzi uliofunga nyota," aliwaambia waigizaji.
"Anaona nyota. Ila nyie mkiutazama uzi,
na yeye atautazama."

Vipindi kumi na vitatu.
Kanda zilikuwa ghali, rafu zimejaa;
karani mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika: zifutwe.
Juu ya Zohali pakarekodiwa mbio za farasi.
Alipopewa habari alikuwa mezani.
Akamaliza chakula, akaosha sahani, akaifuta,
na kwa miaka sita hakuandika hata orodha ya sokoni.
Hili nimelipata kwa mpwa wake. Mwenyewe hakunisimulia.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, mtaa wa Harehills,
juzi tu tumetoka Unguja, Kiingereza changu cha kuokoteza.
Jumatano ile niliibandika maikrofoni ya mjomba
kwenye spika ya televisheni,
nikabana pumzi karibu nusu saa
nisije nikaingia angani.

Kanda hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Kipindi cha mwisho, sauti tupu.
Nilimpelekea mwaka juzi, nyumba ya wazee, Ilkley:
miaka tisini na moja, vidole vimejikunja kama tangawizi.
Tukasikiliza. Chombo kinaondoka. Nahodha anaita gizani:
Kuna yeyote huko? Yupo anayetusikia?
Kimya. Akaniinulia vidole vinne:
sekunde nne, kimya hicho alikiandika yeye.
Na ndani ya kimya hicho, kutoka jikoni kwetu,
mama yangu, Mungu amrehemu, kwa sauti ya kupasua bati:
"Khelef! We Khelef! Njoo ule, wali unapoa!"

Haya zilinishika mpaka masikioni.
Zaidi ya miaka hamsini nimeificha kanda ile kabatini
kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.
Winifred akaomba niirudishe nyuma.
Tena.
Mara ya tatu alikuwa akicheka, meno ya bandia yanamcheza.
Akauliza yule mama amesema nini. Nikamfasiria.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimewaambia watoto
ukiita gizani, iko siku utajibiwa
kwa lugha usiyoijua.
Sikufikiria kwamba tungekaribishwa chakula."

Akataka kalamu. Akaifungua hati yake ya zamani,
karatasi njano, kingo zimeliwa,
na pale ukurasa wa mwisho, chini ya swali la nahodha,
mkono ukitetema, mimi nikimtajia herufi moja moja,
akaandika:

SAUTI, NJE YA CHOMBO: Wali unapoa.