Waliobaki

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa stoo ya majembe
kwa gundi ya ugali, mwandiko wa Mwalimu Nandonde:
mvulana kushoto, msichana kulia,
jozi ishirini na nne za kuingia ukumbini.
Chini kabisa, si kushoto si kulia:
Waliobaki wahudumie soda.

Tulibaki saba. Hesabu haikukosewa.
Wavulana watatu wako Tunduru wanachimba vito,
wengine wamekwama na ada hadi mnada wa korosho.
Sisi tukaandikiwa trei.

Asnati hakuwepo hata kwenye soda.
"Magongo yako yatateleza," mwalimu alimwambia kwa upole,
upole ule wa kumfunika mtu kanga usoni.

Usiku, tukibangua, nikamwuliza bibi:
ulipotoka unyagoni, ulingoja mwanamume akushike mkono ndipo utembee?
Akacheka hadi moshi ukampalia.
"Shamba hili la mama yangu. Nyumba hii ya mama yangu.
Babu yako alikuja na mkeka na redio."
Akabangua mbili, tatu.
"Lakini akija mgeni rasmi, hata mimi napelekwa jikoni."

Siku ya mahafali ukungu ulikawia kuondoka Newala.
Suti za kukodi zinanuka dawa ya mende.
Jozi zikaingia kwa ule mwendo wa wiki mbili za mazoezi,
Chilumba amemshika Salima
kama ndoo ya maji ya kununua, asimwage.

Mshereheshaji akafunga daftari.

Tukaingia.
Saba na Asnati, nane, mstari mmoja, mikono mitupu,
kwa mwendo wa magongo yake, ko, kimya, ko,
maana yeye ndiye alitangulia.
Mama mmoja akapiga kigelegele, kikakatika katikati,
kama aliyekumbuka yuko shuleni.

Soda zikabaki kwenye kreti.
Mgeni rasmi alingoja, akalegeza tai,
akainuka, akafungua ya kwake kwa meno,
akamfungulia na Mwalimu Nandonde.

Picha ya darasa imetukata.
Kuna kiwiko changu pembeni, na gongo moja.

Nani kasema kitu kilibadilika?
Jumatatu wasichana tuliitwa kudeki ukumbi.
Chilumba akaja na ndoo,
akasema kasahau kofia yake humu,
akadeki kutoka jukwaani hadi mlangoni.
Kofia hana.