Chupa Namba Arobaini na Moja

Maziwa ya Matema yalifika Jumanne,
yamelala kwenye barafu shingo kwa shingo na ya Matamba.
Kwa macho huwezi kuyatofautisha:
meupe na meupe,
na utando wa manjano juu, kama ngozi ya kitunguu.
Kazi yangu ilikuwa kibandiko na kalamu.
Nyumbani, Iyunga, nilikuwa nanyonyesha,
na kila mtoto wa mtu alipolia getini
kifua changu kilijibu kabla yangu.

Mashine haina haraka.
Hupasha tone moto, hulipitisha katika bomba jembamba kama unywele,
mafuta yakatoka kila moja kwa zamu yake,
mafupi mbele, marefu nyuma,
kama watu waagao msibani,
na kila moja huacha kilima karatasini.
Kipo kilima kimoja, cha mwisho mwisho, nilichokuwa nakingoja:
mafuta ya samaki, yanayojenga jicho na ubongo.

Kwa Tuponile wa Matema kilisimama
kama Rungwe ukitazamwa kutoka Kyela.
Yeye ni usipa asubuhi, usipa jioni,
usipa mbichi, usipa wa kuanikwa mchangani;
hata kisigino changu, alisema akicheka, kinanuka usipa.
Kwa Onorina Tweve wa Matamba
kilikuwa kichuguu.
Viazi. Mahindi. Maharage, figiri,
kijiko kimoja cha alizeti kwa sufuria zima,
nyama Krismasi.

Lakini lilikuwepo tone la damu ya kitovu,
la siku mtoto wa Onorina alipozaliwa,
na hilo lilinikalisha kitini.
Mtoto alikuwa nayo mengi kuliko mama.
Yaani mwanamke huyu, mwenye kidogo,
alikwangua sufuria ya mwili wake usiku kwa usiku
akampa aliye ndani,
yeye akabaki na ukoko.
Kule ziwani mama na mtoto walilingana,
wamegawana kama watu wenye akiba.
Sikujua vilima vya karatasi vinaweza kusengenya hivyo.

Nikapanda Matamba kurudisha majibu.
Kona hamsini na saba, wanasema;
mimi nilipoteza hesabu kwenye ya thelathini, nikiwa nimefumba macho.
Onorina alikuwa akipalilia viazi, mtoto mgongoni.
Hakuuliza asidi ni kitu gani. Aliuliza:
"Yangu yamefeli?"

Nina cheti, kimetundikwa ukutani.
Nilifungua mdomo, upepo ukaingia.
Hayajafeli, nikasema. Haya ni ya mlimani, yale ni ya ziwani.
Nikanyamaza, maana ni kweli
na bado si jibu.
Akamshusha mtoto. Mtoto akakiona kifungo cha koti langu,
akakikodolea, hakukiacha
hata nilipogeuka upande.
"Basi anaona," mama yake akasema,
akainama kwenye jembe.

Mwezi uliofuata nilimpelekea mfuko wa usipa mkavu
kupitia kondakta, jina nimeliandika kwa kalamu ya maabara,
ile isiyofutika.
Habari ikaja kwa simu ya jirani:
nusu ameuza, sabuni ilikuwa imekwisha;
nusu wamekula, mume amelalamikia harufu;
mfuko ameutilia mbegu.
Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.

Namba arobaini na moja haimo katika orodha.
Ni yangu. Niliikamua stoo, mlango nimeuegemea,
nikaipitisha mashineni saa ya mchana,
wenzangu wametoka kula chipsi.
Karatasi iko mkobani, imekunjwa mara nne.
Sijaikunjua.
Usiku mwanangu anavuta, anapumzika, anavuta,
vidole vyake vimeng'ang'ania sikio langu,
na mimi, kwa mkono uliobaki,
namega ugali wa jana.