Fika Salama

Jumatano, soko la Kiboriloni, nimeuza mkungu wa mwisho wa mshare,
Eliapenda akapita na kapu lake kichwani.
Nikamwambia: Fika salama.

Maneno mawili.
Hapa kwetu husemwa hata kwa anayekudai.

Ila kesho yake alikuwa atoe ushahidi
juu ya mwanangu Anaeli
na magunia tisa ya kahawa yaliyotoka ghalani usiku.
Hakufika. Alikwenda polisi, akasema:
Mama yake kanitisha.

Hakimu aliandika kwamba hakuna mzazi
anayemtakia heri mtu wa kumfungia mwanawe.
Miezi kumi na minane.
Karanga nililala jirani na mlango,
baridi ya mlimani ikiingia bila hodi.
Anaeli aliachiwa kwa kukosa shahidi, akahamia Arusha.
Hakuja kunitazama hata Jumapili moja.

Wakili Mosha, kijana, kola imelegea,
alileta rufaa yenye sababu nne.
Niliielewa ya kwanza tu:
shahidi ni mmoja, na neno lenyewe ni salamu.
Muuza dagaa aliyeketi hatua tatu kutoka kwetu
hakuitwa.

Mahakama Kuu, jaji akavua miwani.
Akamuuliza wakili wa Jamhuri:
"Alisema kwa sauti gani?"
Yule akapekua mwenendo wa shauri, mbele, nyuma,
karatasi zikachakarika kama majani makavu ya mgomba.
"Mheshimiwa, haikuandikwa."

Hatia imetenguliwa. Mrufani aachiwe huru
isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali.

Sababu nyingine halali.
Nimepanda nayo kutoka Karanga mpaka nyumbani.
Maana jaji hakuniuliza mimi,
na angeniuliza ningeapa, na nikishaapa
ningeitafuta sauti ile kooni nisiione.
Nakumbuka uzito wa kapu lake.
Nakumbuka nilitamani lianguke.

Jana tumekutana kwenye kivuko cha mfereji.
Amekonda. Akanipisha, nikampisha,
tukagongana mabega.
Kinywa changu kikafunguka kwa mazoea,
nikakifunga.
Akasubiri.
Kisha akasema yeye, taratibu,
kama anayenirudishia sufuria niliyomwazima zamani:
Fika. Salama.

Ugali umeungua jikoni.
Bado naipima ile sauti.