Moyo Usipigwe Konde

Shemeji Nyangweso alikuja na chupa ya uji wa wimbi,
akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema:
piga moyo konde.
Mchungaji naye, kwa simu: piga moyo konde.
Hata kinyozi wa Kibuye aliyeninyoa bila malipo,
wembe ukikwaruza utosi:
konde, mama, konde.

Hakuna aliyekuuliza wewe, moyo,
kama unataka kupigwa.

Dawa yenyewe ni nyekundu.
Inashuka mrijani kama sharubati ya sikukuu,
na ukienda haja ndogo inatoka na rangi yake.
Inawinda kinachokua ovyo,
lakini inakupitia wewe,
na kosa lako ni moja tu, kukaa njiani.

Nilimjua Bosibori wa Nyamira.
Tuligawana shuka kwenye benchi la kusubiri.
Titi likapona. Akachinja mbuzi wa shukrani,
tukala hadi mifupa.
Mwaka wa tatu viatu vikaanza kumkataa,
akawa analala ameketi, kama bawabu.
Alipona titi, akaugua moyo.
Hilo nilimwambia Daktari Simatwa
kabla hata ya salamu.

Akanituma kwa Makokha, chumba cha giza mwisho wa veranda.
Mafuta baridi kando ya mshono.
Lalia ubavu wa kushoto. Vuta pumzi. Shika. Usicheke, mama.
Nikakuona.
Miaka arobaini na saba, na hatujawahi kuonana!
Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani,
ukifunga na kufungua kama shavu la ngege ndani ya beseni,
humlalamikii mtu.
Sitini na tatu, akasema Makokha, akaandika.

Mimi ni fundi cherehani. Namba nazijua.
Najua kitambaa kikishakatwa hakirudi,
ndiyo maana napima mara mbili na chaki iko sikioni.
Nywele zitaota.
Kucha hizi, nyeusi kama zimebanwa na mlango, zitaota.
Wewe huoti.

Baada ya chupa ya tatu: hamsini na moja.
Daktari akaweka kalamu chini.
Nikamwambia, ongeza, maliza kazi, nitavumilia.
Akasema, wewe utavumilia, Dorka. Na huyu?
Akagonga picha yako kwa ukucha.

Wakaisimamisha nyekundu wiki tatu.
Sikulala. Niliwaza: kama mimi napumzika,
kile kingine nacho kinapata nguvu.
Wakanipa kidonge, nusu asubuhi, nusu usiku,
cha kukufundisha kwenda polepole.
Ilipoanza tena, ilidondoka tone, tone, tone,
kutwa kucha, hadi muuguzi wa zamu akabadilika mara mbili.
Nao wanahesabu kila kipimo kilichoingia, tangu cha kwanza,
maana kuna mstari, na ukishavukwa
hakuna dua ya kuurudisha nyuma.

Na utembee, akasema. Usikae kama gunia la mpunga.
Basi nikatembea. Manyatta hadi Kondele, alfajiri,
leso kichwani, mbwa wakinishangaa,
nikipumzika kila nguzo ya stima,
baadaye kila nguzo ya pili.
Siku moja nilisahau kupumzika.

Jana: hamsini na sita.
Si haba, alisema Makokha.
Si sitini na tatu, nilisema mimi.
Tukanyamaza wote wawili, mashine ikinguruma.

Usiku huu nimemeza nusu yangu, nimezima taa.
Upande huu titi halipo.
Kati ya kiganja changu na wewe
kuna ngozi, na mshono
(si mbaya, ila mimi ningetumia uzi mwembamba zaidi).
Hatujawahi kuwa karibu hivi.
Sikupigi konde.
Nabisha tu, kwa ncha ya kidole: hodi?
Unajibu.
Nangoja kidogo, nikidhani umechoka.
Unajibu tena.