Inchi

Jumamosi, uani kwangu Kikuyu,
nimelala chali chini ya Emjii
na vumbi la Dodoma linanidondokea machoni
kama linanidai.

Gari lilitoka Kongwa, enzi za karanga.
Mwenyewe alimwachia babu yake Mbeleje
badala ya mshahara wa miezi mitatu,
akapanda treni.
Babu hakujua kuendesha. Kuku walijua kutaga.

Kila nati yake ni ya inchi.
Soko zima la Majengo linauza milimita.
Spana namba kumi na tatu inakaribia,
inakaribia tu,
kisha inateleza na kuondoka na ngozi ya vidole.

Gasketi nimekata kwenye boksi la biskuti.
Springi ya klachi ni ya pikipiki.
Lakini kabureta mbili hazidanganyiki:
naweka mpira wa maji sikioni,
nasikiliza hii, nasikiliza ile,
nakaza kidogo, nalegeza kidogo,
mpaka zipumue sawa, kama mapacha usingizini.

Mbeleje analeta chai, anaruka dimbwi la oili.
"Likipona utakwenda nalo wapi?"

Sijajibu. Juzi nilipong'oa zulia
nilikuta karanga moja, nyeusi, imesinyaa,
kongwe kuliko sisi wote.
Nimeiweka kwenye kopo la skrubu
pamoja na zile nisizojua zilitoka wapi.

Leo limewaka. Dakika mbili.
Kuku wakatawanyika.
Likazima,
nikasikia tone la oili likigonga karai,
tena,
tena,
mvua pekee ya Oktoba hii.