Mia Tano kwa Herufi

Mkuu wa shule kanipa karatasi yenye majina kumi na manne,
kopo la nyeupe, robo ya nyeusi, na neno "haraka":
Jumamosi sekondari ya Mchikichi Mmoja inatimiza miaka thelathini
na wageni lazima waukute ubao ukutani.
WALIOTUNG'ARISHA, ndivyo unavyoanza.
Nalipwa mia tano kwa herufi.
Nukta bure. Nafasi kati ya maneno, tulibishana, nayo bure.

Basi leo nampenda Kapteni Deusdedit Rwehumbiza
kuliko nilivyompenda tukibanana naye dawati moja,
watu wanne, kiti cha wawili, yeye akichora ndege
pembezoni mwa daftari langu la Kemia.
Jina tupu, bila cheo: elfu tisa na mia tano.
Idi Mketo, kipa, ni elfu nne tu,
pamoja na zile penalti zote.

Nampaka Jaji Anyigulile Mwakalobo.
Nakumbuka magoti yake yamepauka vumbi la Kinyerezi,
kidumu cha maji mkono huu, tofali mkono ule,
maana darasa la Kidato cha Pili
tulilijenga wenyewe, kisha tukafelia humo humo.
Nasema "tukafelia". Yeye hakufeli.
Mimi nilipata ziro ya wazi, isiyohitaji miwani,
ila Mwalimu Kalembo aliandika kwenye ripoti:
*Mwandiko mzuri sana.*

Jina la kumi na tatu halikutosha.
Nilikuwa nimeanza na herufi za fahari, juu kule,
na chini ubao ukaniishia kama mshahara.
Nikasimama na brashi inadondosha nyeusi kwenye kandambili,
watoto wa mchana wananichungulia dirishani.

Akaja Siwatu Pembe
kutoka kibanda chake cha cherehani pale getini,
futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni.
Hakuuliza kitu. Akapima.
"Sentimita mia na sitini na nane. Toa kumi na nne za pambizo.
Gawa kwa watu wako. Kumi na moja kamili.
Futa, Chande, anza upya."

Kumi na moja kamili, bila kalamu.
Ndiye aliyemfundisha Jaji logi,
na Kapteni, na mimi niliyekuwa namtazama yeye badala ya kitabu,
mpaka ile Jumatano ya Kidato cha Tatu
walipowapanga wasichana foleni nyuma ya maabara,
kila mmoja na kikopo chake.
Maabara haikuwa na hata chupa ya asidi.
Kipimo cha siku ile kilipatikana.
Jioni alipita uwanjani na begi lake,
na paredi ikaambiwa igeuke nyuma.
Tuligeuka. Wote kumi na wanne, na mimi.

Sasa kila sketi inayovuka geti hili imepita mikononi mwake.
Jina lake sikuliona kwenye karatasi.
Nilimuuliza kama nimwongeze, nife na deni la rangi.
Akatoa pini mdomoni: "Utaharibu hesabu."

Nikafuta. Nikaanza upya.
Yakakaa, yote kumi na manne, wima kama foleni ya uji,
na chini kabisa, kwa brashi ya nywele tatu,
kama tufanyavyo sisi wa mabango,
nikatia *Chande Sanaa* na namba ya simu.

Jumamosi walipiga picha, walikula pilau, waliondoka.

Jumapili usiku simu ikaita. Sauti ya mtoto, ya kunong'ona:
"Shikamoo. Naomba kuongea na mmoja wao."
Yupi?
"Yeyote."
Kuna nini?
Kimya. Karatasi ikageuzwa.
"Logi."

Nikamwambia asubuhi, kabla ya kengele,
apite kibanda cha cherehani,
aseme ametumwa na ubao.